Tuzo za mwogeleaji bora wa mwaka: Tanga tuna bahari yote hii, mbona hatuna hata jina moja la kupeleka?

Baharia wa Sahare (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, anayependa michezo ya majini avute kiti.

Kila mwaka unapokwisha, dunia ya majini hutaja wanamichezo wake bora. Shirikisho la dunia, World Aquatics (lile lile lililoitwa FINA tangu lianzishwe London mwaka 1908, jina likabadilika 2023), linatoa tuzo kwa mwanamume na mwanamke katika matawi yake: kuogelea bwawani, kuogelea maji wazi, mbizi za ubaoni, mbizi za juu kabisa, polo ya majini na kuogelea kisanii. Kwa mwaka 2024 tuzo za bwawani zilichukuliwa na Léon Marchand wa Ufaransa na Summer McIntosh wa Kanada. Sidhani kama yupo aliyebisha. Marchand aliondoka kwenye Olimpiki ya Paris na dhahabu nne za mbio za mtu mmoja mmoja, na mbili kati ya hizo alizitwaa jioni moja: kipepeo mita 200, akapumzika, akarudi majini kwa mtindo wa chura mita 200. McIntosh alikuwa na miaka 17 tu, akachukua dhahabu tatu na fedha moja.

Tuzo kongwe zaidi katika hizi ni za jarida la Marekani, Swimming World, zilizoanza 1964. Wa kwanza walikuwa Don Schollander na Sharon Stouder, Wamarekani wote wawili. Michael Phelps amechaguliwa mara nane kuwa mwogeleaji bora wa dunia. Afrika nayo imo: Penny Heyns wa Afrika Kusini, aliyeshinda mbio zote mbili za mtindo wa chura Atlanta 1996, alitajwa mwogeleaji bora wa dunia kwa wanawake mwaka huo na tena 1999. Jarida hilo lina pia tuzo ya mwogeleaji bora wa Afrika, na Kirsty Coventry wa Zimbabwe ameibeba mara nyingi. Huyu mama ana medali saba za Olimpiki, na tangu Juni 2025 ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile.

Majirani zetu je? Jason Dunford wa Kenya, Beijing 2008, aliweka rekodi ya Olimpiki kwenye mchujo wa kipepeo mita 100. Rekodi haikudumu, fainali akamaliza wa tano, lakini kwa muda ule dunia nzima ilikuwa inasoma jina la Mkenya juu ya ubao.

Sasa nije nyumbani. Nenda pale kwenye mwalo wa Deep Sea asubuhi wakati madau yanaingia na samaki. Utawaona vijana wanajirusha kutoka kwenye tezi, nyuma ya dau, wanakwenda hadi kwenye dau lililotia nanga mbali, wanarudi, wanapanda, wanajirusha tena. Kuna mmoja nimekuwa nikimwangalia. Hana miwani ya kuogelea, hana kofia, kaptura imefungwa kwa kamba ya nailoni. Anavuta maji kwa mkono mrefu, kichwa kimetulia, anageuza uso upande mmoja tu kupata pumzi, na miguu haipigi kelele. Hakufundishwa na mtu. Nikamuuliza toka hapa mpaka lile dau ni umbali gani. Akanijibu, "Mbali kiasi." Nikamuuliza anatumia dakika ngapi. Akacheka.

Hapo ndipo tatizo lilipo, na ndilo lililonifanya niandike. Hizi tuzo zote, za dunia, za Afrika, hata zile za Baraza la Michezo la Taifa kwetu hapa, zinakuja mwishoni mwa mnyororo. Kwanza njia ipimwe. Halafu saa ihesabu. Halafu jina liandikwe pamoja na muda na nafasi. Halafu mashindano yajirudie mwaka baada ya mwaka ili watu walinganishe. Ndipo mtu akae mezani aseme huyu ndiye bora. Sisi Tanga hatuna hata pete ya kwanza ya mnyororo huo. Tuna waogeleaji, hatuna kipimo.

Paris 2024 Tanzania tulipeleka waogeleaji wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, na nawapongeza kwa moyo wote. Ila mchezo huu kwetu umelelewa zaidi kwenye mabwawa ya shule za Dar es Salaam. Pwani yenyewe, kuanzia Moa mpaka Pangani, mtoto anajua kuogelea kabla hajajua kusoma, lakini kwenye karatasi za mchezo hayupo.

Hoja yangu: tusisubiri bwawa. Lipo tawi la maji wazi. Olimpiki wanaogelea kilomita 10 tangu 2008. Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 1500 bwawani Beijing, na London 2012 akashinda kilomita 10 kwenye ziwa la Hyde Park. Ana Marcela Cunha wa Brazili, bingwa wa Tokyo, amechaguliwa mara kadhaa kuwa mwogeleaji bora wa maji wazi duniani, naye kwao ni Salvador, mji wa bahari ya joto kama wetu. Tuanzishe mbio zilizopimwa hapa Raskazone, na kila mwaka tutoe tuzo ya mwogeleaji bora wa maji wazi wa Tanga, mke na mume. Tuzo ifuate saa na nafasi. Isifuate jina la mtu wala kura za simu.

Naomba michango yenu.

---

Mwana Ngamiani 14

Uzi umekwenda shule huu. Swali dogo mkuu: huko duniani nani anachagua? Isije ikawa ni mambo ya kujuana.

---

Baharia wa Sahare

Swali zuri. Inategemea tuzo. Ya jarida ni wahariri na jopo lao wanaopima mwaka mzima wa mwogeleaji: medali, rekodi, na nani aliyemshinda nani. Za shirikisho huangalia matokeo ya mashindano makubwa ya mwaka. Wamarekani nao wana usiku wao, tuzo za Golden Goggle, tangu 2004, kwa timu yao ya taifa tu.

Ubishani haukosekani. Mtu ana rekodi moja ya dunia, mwingine ana dhahabu tatu bila rekodi, nani bora? Watu wanakesha kwenye hilo. Lakini angalia wanachobishania: namba. Hakuna anayesema "mimi namjua, ni kijana mzuri". Hicho ndicho ninachokitamani kwetu.

---

Mzee wa Kigombe

Wanangu, hamjambo. Mimi nimevua miaka mingi, kwa mshipi, kwa nyavu, na kwa kuzamia. Nimeusoma uzi wote, nimefurahi mmetaja bahari kwa heshima.

Ila niwaambie. Bahari ya hapa si bwawa lililoongezwa ukubwa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji ni bamvua, yanajaa na kupwa zaidi ya mita tatu. Maji yakianza kutoka kwenye ghuba, mkondo unaokwenda nje unamchukua mtu mzima anayejua kuogelea, naye anadhani anakwenda mbele kumbe anarudishwa. Nimewaona. Mtu anayepambana na mkondo uso kwa uso anachoka, na akichoka hapigi kelele, anazama kimya.

Mkitaka mbio, fanyeni wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Muanze karibu na maji kusimama, yakiwa yamejaa na bado hayajaamua kutoka. Pale mna muda wa kutosha kwenda na kurudi. Tena iwe asubuhi, kabla upepo haujanyanyua mawimbi.

Masika msithubutu. Mto Zigi na Mkulumuzi vinamwaga tope lote ghubani, huoni hata mkono wako, na magogo yanaelea.

---

Baharia wa Sahare

Shikamoo mzee wangu. Huu mchango peke yake unatosha kuufanya uzi uwe na maana. Naomba ruhusa niunakili kama ulivyo tuuweke kwenye kanuni za mbio.

Ulichosema kuhusu mkondo ndicho kilichoamua mbio za Paris. Kilomita 10 ziliogelewa kwenye mto Seine na maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu. Wakati wa kupanda mto, waogeleaji walijibana kandokando ya ukuta ambako mkondo ni dhaifu, na wakati wa kushuka walirudi katikati ili maji yawasukume. Waliosoma maji vizuri walipona. Washindi walikuwa Kristóf Rasovszky wa Hungaria na Sharon van Rouwendaal wa Uholanzi. Wavuvi wetu wanaijua sayansi hiyo bila kuandikiwa.

---

Mzee wa Kigombe

Marhaba mwanangu. Ruhusa unayo.

---

Kocha wa Leni ya Nne

Nafundisha kuogelea Dar, mama yangu ni wa Chumbageni, kwa hiyo uzi huu unanihusu pande zote mbili.

Niongeze mambo ya ufundi. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji wazi hayana rekodi ya dunia kama bwawani. Haiwezekani kulinganisha muda wa Tanga na muda wa Salvador, maana mkondo, mawimbi na joto havifanani. Kwa hiyo tuzo ya maji wazi inakwenda kwa nafasi: ulimaliza wa ngapi, mbele ya nani, katika mbio ngapi za mwaka. Hilo ni jema kwenu. Hamuhitaji vifaa vya gharama vya kusoma sehemu ya mia ya sekunde. Mnahitaji mstari wa kuanzia, maboya yanayoonekana, ubao wa kumalizia ambao mwogeleaji anaugusa kwa kiganja, na waamuzi wawili wasiogombana.

Ila bwawa msilidharau. Nitasema wazi hata kama hamtapenda. Mellouli alikuwa bingwa wa bwawani kwanza. Rasovszky na van Rouwendaal wote wanafanya mazoezi ya bwawani wiki nzima. Kule ndiko mtu anarekebishwa mkono, anafundishwa kugeuka, anapewa kazi ya mita mia mara kumi kwa muda uliopangwa. Huyo kijana wa Deep Sea uliyemweleza, anayepumua upande mmoja tu, siku upepo ukitoka upande huo atameza maji mpaka aache. Inabidi ajifunze kupumua pande zote. Jingine: maji wazi lazima uinue macho kidogo kila baada ya mikono kadhaa uone boya liko wapi, halafu urudishe uso majini bila kuangusha nyonga. Asiyejua hilo anaogelea kilomita moja na robo katika mbio za kilomita moja.

Tatizo letu kitaifa ni kwamba mashindano mengi yamekuwa kwenye mabwawa ya mita 25, wakati Olimpiki ni mita 50. Mtoto aliyezoea kugeuka na kusukuma ukuta kila mita 25 akiingia kwenye mita 50 anaishiwa nguvu katikati. Kwa hiyo bahari inaweza kutusaidia hata kwa hilo, kule hakuna ukuta wa kukupumzisha.

Nikipata nauli nakuja. Sihitaji malipo.

---

Fundi Pampu

Mimi naomba nitofautiane nanyi. Tanga hii Coastal Union na African Sports zenyewe tunazilea kwa shida, vijana wanataka mpira, halafu mnazungumza tuzo za kuogelea? Nani atazidhamini? Tuwe wakweli.

---

Baharia wa Sahare

Ndugu yangu, mimi pia Mkwakwani nakaa jukwaani, sijaacha. Hakuna anayetaka kuuondoa mpira. Timu ya mpira inahitaji kiwanja, usajili, mishahara, usafiri wa mikoani. Mbio za kilomita moja baharini zinahitaji maboya manne, boti mbili, daktari au muuguzi na kibali. Bahari haikodishwi. Na kwenye mpira mtoto mmoja katika mamia ndiye anayeonekana, sasa hao wengine waliozaliwa na mabega ya kuogelea wabaki kubeba magunia ya barafu pale mwaloni maisha yao yote?

Tuzo yenyewe haihitaji fedha kubwa. Cheti chenye muda, umbali, tarehe na saini za waamuzi kinamtosha kijana kwenda kugonga mlango wa klabu au chuo. Akienda mikono mitupu akisema "mimi naogelea sana", hakuna atakayemsikiliza.

---

Binti Makorora

Niulize kwa niaba ya wasichana. Kila mara mkisema vijana mnamaanisha wa kiume. Mimi nimekulia hapa, kaka zangu wote wanaogelea, mimi nimejifunza ukubwani kwa kujificha. Sababu mnazijua: nguo, macho ya watu, na maneno ya majirani. Kama tuzo ni mke na mume, huyo mke atatoka wapi?

---

Mama Twalib

Binti yangu umesema neno. Mimi ni mama wa watoto wanne na nimefundisha shule ya msingi. Watoto wetu wa kike wanakwenda pwani kuchokoa pweza na chaza, maji yanawafika kiunoni, bamvua inarudi kwa kasi, na hawajui kuogelea. Huko hakuna anayewazuia kwa ajili ya stara. Tunawazuia pale tu panapokuwa na mchezo. Hilo linaniuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na watoto wadogo ndio wanaoongoza. Nungwi kule Unguja mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi kamili ya stara, wakufunzi ni wanawake wenzao, na wazazi wameridhia. Kama Nungwi wameweza, Tanga tunashindwa nini?

Ombi langu: darasa la wasichana liwe na wakufunzi wa kike, saa zake, na sehemu yake. Mbio zije baadaye.

---

Kocha wa Leni ya Nne

Mama, shikamoo. Kwa kuongezea: kanuni za dunia za maji wazi zinaruhusu vazi linalofika kwenye kifundo cha mguu, tofauti na bwawani ambako mwanamke anaishia gotini. Mikono na shingo ndivyo visivyofunikwa kwenye mashindano ya kimataifa. Lakini mbio za Tanga ni za Tanga, mnaweza kuandika kanuni yenu: vazi lolote la kuogelea lisiloelea na lisilomburuza mtu linakubalika, hata la kufunika mwili mzima. Kanga na baibui hapana, na hiyo ni kwa usalama tu, vitambaa hivyo vikilowa vinakuwa nanga.

Hata suala la nywele lina historia. Mwaka 2021 kofia kubwa za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nene na za kusuka kama za kwetu, zilikataliwa na shirikisho la dunia. Watu walipaza sauti, na 2022 zikaruhusiwa. Kanuni zinabadilika watu wakisema.

---

Mama Twalib

Marhaba mwanangu. Basi iandikwe hivyo tangu siku ya kwanza, isije ikaongezwa baadaye kama fadhila.

---

Kaole Pwani

Salamu kutoka Bagamoyo. Tunawaonea wivu kwa ghuba yenu. Kwetu ufukwe ni mpana na maji yakipwa yanakwenda mbali mno, unatembea kwenye mchanga na tope mpaka unasahau ulikuja kuogelea. Mbio kwetu zinawezekana maji yakiwa yamejaa tu, na muda wenyewe ni mfupi. Lakini waogeleaji tunao, watoto wa wavuvi wa Dunda na wa kule Mlingotini. Mkipanga, tutawaletea timu. Tuzo ya mji mmoja ikigombewa na miji miwili inapata uzito.

---

Baharia wa Sahare

Kaole, mmekaribishwa. Na uzito ndio neno lenyewe. Mtu akiwa bora kati ya sita wa mtaa mmoja ni jambo jema. Akiwa bora kati ya vijana wa Sahare, Mwambani, Kigombe, Pangani na Bagamoyo, jina lake linaweza kwenda mbele ya watu wa Dar na Zanzibar bila kuomba radhi.

---

Muuguzi wa Zamu

Nimechelewa kuuona uzi. Nataka kuzungumzia joto, maana kila mtu anaogopa papa na konyeza, hakuna anayeogopa joto.

Oktoba 2010 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, Mmarekani Fran Crippen, mwogeleaji wa timu ya taifa, alifariki katikati ya mbio za kilomita 10 za shirikisho la dunia. Maji yalikuwa ya moto sana siku ile. Wenzake walimaliza, wakagundua hayupo, na waliorudi majini kumtafuta ni waogeleaji wenyewe. Alikuwa na miaka 26. Baada ya hapo kanuni ziliwekwa: maji yakizidi nyuzi 31 za Selsiasi, mbio hazifanyiki. Tokyo mbio za kilomita 10 zilianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu hiyo hiyo ya joto.

Sasa bahari yetu wakati wa kaskazi, Februari na Machi, inakaribia nyuzi 30, na kwenye maji haba ya pembeni inaweza kupita. Mwogeleaji anatoka jasho majini bila kujua. Kwa hiyo kipimajoto kiwepo kwenye boti, kipimwe katikati ya njia na si pale ufukweni, na mwamuzi awe na mamlaka ya kuahirisha hata kama mgeni rasmi ameshakaa kwenye kiti.

Mbio ndefu ziwe na maji ya kunywa. Wenzetu wananyweshwa kwa kikombe kilichofungwa kwenye fito ndefu kutoka kwenye jukwaa linaloelea, mwogeleaji analala chali sekunde chache, anakunywa, anaendelea. Fito tunazo.

Nipo tayari kukaa kwenye boti.

---

Mwana Ngamiani 14

Muuguzi, Mungu akubariki. Nimeingia nikidhani ni uzi wa kupiga soga, sasa naona kama kikao.

Na walemavu je? Mtaani kwetu kuna kijana hana mguu mmoja, anaogelea kuliko sisi.

---

Kocha wa Leni ya Nne

Aje. Beijing 2008, mbio za kwanza kabisa za kilomita 10 kwenye Olimpiki, Natalie du Toit wa Afrika Kusini aliogelea bila mguu wa kushoto, alioupoteza kwenye ajali. Hakupewa mbio za peke yake, aliingia na wale wale. Akamaliza wa 16 kati ya wanawake bora wa dunia. Na upande wa wanaume mshindi alikuwa Maarten van der Weijden wa Uholanzi, aliyepona saratani ya damu. Mbio zilizoanza kwa watu hao wawili haziwezi kumfungia mlango kijana wa Ngamiani.

---

Baharia wa Sahare

Wakuu, nimeyakusanya mliyoyasema. Hivi ndivyo ninavyopendekeza, mkosoe.

Njia iwe ndani ya ghuba upande wa Raskazone, mbali na mkondo wa meli, na kibali tuombe mamlaka ya bandari mapema pamoja na kuwaarifu askari wa majini. Umbali uanze kilomita moja kwa wote, na kilomita tatu kwa waliomaliza ya kwanza ndani ya muda. Kilomita 10 tuiache mpaka tuwe na uzoefu. Njia tuipime kwa kamba yenye alama na kwa simu yenye ramani, vyote viwili, kisha tuchukue kipimo kikubwa kama havikupatana.

Mbio tatu kwa mwaka. Ya kwanza kipindi kusi imepungua na kaskazi haijaingia, maleleji, bahari inapokuwa tulivu zaidi. Nyingine mbili tutazipanga na mzee wa Kigombe kwa maji mafu. Nafasi ya kwanza inapata alama nyingi, inashuka hadi ya kumi. Mwisho wa mwaka alama zinajumlishwa, mwenye nyingi kwa wanawake na mwenye nyingi kwa wanaume ndio waogeleaji bora wa mwaka. Wakilingana, tunaangalia nani alimtangulia mwenzake walipokutana. Hakuna kamati ya kuamua, hakuna kura. Matokeo yote, hadi ya aliyemaliza wa mwisho, yanabandikwa ubaoni siku ile ile na humu pia.

Jambo moja nalisisitiza na sitalilegeza: aliyemaliza wa mwisho aandikwe na muda wake. Mwakani atajua amepunguza dakika ngapi. Nyumbani kwetu watoto hawajawahi kuambiwa wameongezeka kiasi gani katika jambo lolote wanalolifanya baharini. Wanaambiwa tu watoke, chakula kimeiva.

Pia naomba tuwe na tuzo ya tatu, ya mwokoaji wa mwaka. Kila msimu kuna mtu anayeruka kumtoa mtoto au mvuvi aliyepinduka na ngalawa, na habari zake zinaishia kwenye baraza. Hiyo ndiyo pekee itakayoamuliwa kwa ushahidi wa watu, na jopo lake wawe wavuvi wazee.

---

Fundi Pampu

Nimesoma mpaka mwisho. Hiyo ya mwokoaji imenigusa, mdogo wangu alitolewa majini na mtu tusiyemjua hata jina. Maboya nitayatengeneza mimi, madumu ya lita ishirini nayapaka rangi ya chungwa, nanga ya zege. Niambieni mangapi.

---

Baharia wa Sahare

Ahsante sana kaka. Manne ya kona na mawili ya akiba. Yawe na mshipi mrefu wa kutosha maji yakijaa, usipime wakati yamepwa.

---

Mzee wa Kigombe

Kamba iwe mara mbili ya kina, na uzito wa nanga usiwe mdogo. Nitakuja kuviangalia kabla hamjavitosa.

---

Mama Twalib

Darasa la wasichana limeshapata wakufunzi wawili, mmoja ni Binti Makorora kakubali. Tunahitaji wa tatu, na mwenye boti ndogo ya kukaa pembeni Jumamosi asubuhi. Mafuta tutachanga.

---

Kaole Pwani

Boti hatuwezi kuileta toka huku, ila yupo dada mmoja wa Bagamoyo anayefundisha watoto kuelea, kaolewa Pangani. Nakutumia namba yake faragha sasa hivi, mama.